Taa mbili za breki zilipowaka pamoja

Taa ya ABS, ule mfumo unaozuia tairi kuganda (kuacha kuzunguka) ukikanyaga breki kwa nguvu, peke yake nimeizoea, naiona kwenye magari ya watu kila siku. Lakini kigari changu cha mzigo kilipowasha ya ABS pamoja na ile nyekundu ya breki, mvua inanyesha na nimetoka tu kuvuka maji ya Jangwani, nilipaki pembeni.

Ile nyekundu huwaka hendibreki ikiwa juu au mafuta ya breki yakipungua. Hendibreki ilikuwa chini, kikopo kimejaa. Kwa magari mengi, hapo maana yake si ABS tu iliyozima. Hata kazi ya kugawa nguvu ya breki kati ya tairi za mbele na za nyuma imesimama.

Fundi wa kwanza, Gerezani, alitaka kuchomoa balbu za taa hizo. "Bosi, ABS ni ya barabara za theluji, hapa Bongo ya nini?" Nikamshukuru, nikaondoka.

Ukikanyaga breki, uzito unasogea mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Tairi za nyuma zikibanwa sawasawa na za mbele zinaganda mapema, na gari iliyoganda nyuma inazunguka. Kwenye pikapu nyingi za zamani utakuta vali yenye mkono ulioshikana na ekseli: mzigo ukishusha bodi, vali inapitisha presha zaidi kwenda nyuma. Mimi sina hiyo vali. Kwangu kompyuta inasoma mwendo wa kila tairi. Za nyuma zikianza kuteleza kuliko za mbele, inafunga njia ya mafuta ya breki ya nyuma, presha haipandi tena hata mguu ukiongeza. Nikibeba magunia ya viazi inaziachia za nyuma zifanye kazi, nikirudi mtupu inazizuia mapema. Vifaa ni vilevile vya ABS, kilichoongezwa ni programu. Theluji haihusiki.

Fundi umeme wa Ilala alichomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikataja sensa zote mbili za nyuma, zile zinazoipa kompyuta mwendo wa tairi. Ingekufa moja, kompyuta nyingi zingeendelea kugawa. Zikifa zote mbili, kompyuta haina cha kulinganisha na mbele.

Kulia beringi ilikuwa imekwisha, na ncha ya sensa, kwa kuwa ina sumaku, imeota ndevu za unga wa chuma. Akaisafisha, akafunga beringi mpya. Kushoto ndiko kulikotusumbua. Sensa ilionekana nzima, waya mzima, ila multimita (kipima umeme) haisomi kitu. Akaanza kuukunja waya taratibu kuanzia kwenye tairi kwenda juu. Karibu na shokomzoba namba zikaja, zikapotea, zikaja tena. Shaba ilikuwa imekatika ndani, ganda halina hata mkwaruzo. Akauunga kwa risasi na kuuvalisha mpira. Kusokota kwa vidole na kuzungushia selotepu alikataa katakata.

Akafuta kumbukumbu ya hitilafu. Ukiwasha swichi, taa zote mbili zinawaka kidogo kisha zinazima, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Zisipowaka kabisa, huenda kuna mtu kashachomoa balbu. Shemeji yangu nimeshamkataza kununua gari moja Tegeta kwa sababu hiyo hiyo, na muuzaji alininunia kweli.