Nilivyompata babu aliyezama mwaka 1944

Kama unamtafuta babu aliyekufa vitani, usianze na babu. Anza na mjane wake. Watu wenye elimu zao walinishauri kinyume cha hayo, na ushauri huo ulinipotezea muda mwingi sana.

Kwetu ni Machakos. Baba alizaliwa 1953, na kitambulisho chake kimebeba jina la askari ambaye kijiji kizima kinajua alizama baharini wakati wa vita vya Hitler. Sasa marehemu anazaaje mtoto 1953? Binamu yangu mmoja alisimama mbele ya wazee kwenye matanga akasema ukoo wetu unajidanganya, tukapimwe DNA. Baba hakujibu kitu, lakini siku hizo zote hakula vizuri. Ndipo nikaapa nitalifuata jambo hili mpaka nilijue.

Kila niliyemuuliza aliniambia, "Wazee wetu wote walikuwa Keya, tafuta huko." Keya ni King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, na kweli Wakamba walijaa humo. Nikaingia kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure. Nikaandika jina, nikachagua Keya: hakuna. Nikabadilisha v kuwa b, th kuwa z, nikaondoa irabu, nikaongeza irabu, maana makarani wa jeshi waliandika majina yetu jinsi masikio yao yalivyoyapokea. Hakuna.

Nikahamia Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Ada ya kuingia chumba cha kusomea ni ndogo, haifiki hata nauli ya kutoka nyumbani. Nikaagiza majalada ya DC, mkuu wa wilaya, wa Machakos ya miaka ya arubaini. Nilisoma habari za machifu, za njaa, za ng'ombe na mmomonyoko wa udongo, za vijana wanaotakiwa jeshini kwa hesabu kutoka kila lokesheni. Hesabu tu. Katika majalada niliyoletewa, jina la askari wa kawaida sikuliona. Na hapo mwingine ananishauri nilipie kampuni ya ng'ambo inichoree mti wa ukoo! Wangeuchora kwa taarifa gani, ilhali hata mimi sikuwa nazo?

Aliyenifungulia mlango ni Susu (yaani nyanya) mdogo, mama mzazi wa baba, ambaye miaka yote hakuna aliyemuuliza chochote kwa sababu si yeye aliyeolewa na askari. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, nikakaa naye jikoni. Alikuwa anachambua pojo kwenye ungo, na hakuacha kuchambua alipoanza kusema.

"Mjukuu wangu, mimi sikuolewa na mwanamume. Niliolewa na Susu yako mkubwa."

Susu mkubwa ndiye mjane wa yule askari, na alikuwa na mabinti peke yao. Mumewe alipokufa, shemeji alitaka kumrithi, akakataa katakata. Fedha alizokuwa akilipwa kwa ajili ya marehemu hakuzila. Alinunua mbuzi, mbuzi wakawa ng'ombe, na ng'ombe wakawa mahari. Akamwoa msichana awe iweto wake, yaani mke aliyeolewa na mwanamke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa marehemu, wabebe jina lake na warithi shamba lake. Kwa mila ya Kikamba, huo ni ukoo halali kabisa. DNA ya binamu yangu isingetuambia lolote katika hayo.

Kisha akaniletea mkebe wa ugoro wa Susu mkubwa. Ndani mlikuwa na karatasi aliyokuwa akienda nayo kwa DC kuchukua fedha. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imekuwa rangi ya chai, na jina lilikuwa limekatikia kwenye mkunjo. Lakini nambari ya askari ilikuwa pembeni, haijaguswa. Nikaacha jina kabisa, nikatafuta kwa nambari hiyo peke yake. Akatokea palepale!

Hakuwa Keya. Alikuwa askari wa mizinga, East African Artillery, kikosi cha 301. Alikufa 12 Februari 1944 ndani ya meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo. Nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpedo karibu na Maldivi, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300, na kikosi cha 301 ndicho kilichopoteza watu wengi zaidi. Na jina lake, wallahi, lilivyoandikwa nisingelibuni hata kwa mwaka mzima. Kwa hiyo wewe unayetafuta, tafuta nambari, au tafuta kwa tarehe na kikosi, kisha upitie majina moja moja ukiyasoma kwa sauti.

Majina yao yako kwenye East Africa Memorial, katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Ngong Road. Nilimpeleka baba kwa matatu ya 111. Alilisoma jina, akaniambia herufi zipi zina makosa, akataka nimpigie simu binamu yangu palepale. Nikampigia, wakazungumza kirefu.

Gharama kubwa ilikuwa nauli na vocha za simu, basi.

Kumbukumbu za baadhi ya askari kwenye tovuti ile zinataja mke na alikotoka. Ya babu haisemi lolote. Nimepiga picha karatasi ya mkebe pande zote mbili, nikaituma kwa tume pamoja na maelezo ya Susu mdogo, kuomba jina lisahihishwe na la Susu mkubwa liongezwe. Wanapokea masahihisho yenye ushahidi, na jibu lao nalisubiri.