Jeli inataka maji: nilivyozipata nywele zangu za kipilipili hapa Mwanza

Mimi nywele zangu nilikua sizijui. Nina miaka 27 na kichwa ni hiki hiki tangu nizaliwe lakini kiukweli nilikua sizijui, maana darasa la kwanza mpaka form four ni kipara tu, shuleni kwetu ukionekana na nywele za kushikika mwalimu wa zamu anakupitisha mkasi katikati ya kichwa hapo hapo mstarini, halafu nilivyomaliza mtihani wa form four ile Novemba nikakaa miezi kama mitano hivi zikaota ota, mama mdogo akanishika mkono tukaenda saluni nikawekwa dawa ya kunyoosha nywele. Basi. Kutoka kipara kwenda dawa. Katikati hapo hakuna hata siku moja niliyokaa mbele ya kioo nikaangalia zinaota vipi, zinajisokota kuelekea wapi, zikilowa zinakuaje. Nikiwaza hii huwa inaniuma, na najua dada zangu wengi wanaosoma hapa hadithi yao ni hii hii.

Dawa nilitumia miaka sita. Mwisho wake kisogoni zikawa zinakatika zenyewe, na mara ya mwisho niliungua ngozi juu ya sikio mpaka nikatoa maji. Desemba 2022 nikachukua mkasi nyumbani, naishi huku Mabatini juu kwenye mawe, nikakata zote zenye dawa zikabaki za urefu wa kidole kimoja hivi. Nilitegemea nitaamka na zile nywele ninazoona kwa watu kwenye simu, visokoto vimesimama kimoja kimoja. Sikuamka nazo. Nilichokua nacho ni nywele zimefumuka kama pamba iliyotoka shambani, hazina shepu, asubuhi zimelala upande mmoja.

Nikanunua jeli. Kopo kubwa, ya kahawia, yule muuzaji akaniambia hii ndio wanachukua wote. Nikafanya kama nilivyokua naona watu wanalaza nywele za mbele: nywele kavu, nachota jeli, napaka, napiga brashi. Siku ile ile mchana kichwa kizima kina vitu vyeupe. Mi nafanya kazi ya uwakala wa pesa pale Kirumba, wateja wangu wengi ni wa kule mwaloni kwenye samaki na dagaa, akaja mama mmoja mtu mzima ananiheshimu sana, ametoa hela yake vizuri, akaniinamia kwenye kidirisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo mba usiiache, kuna sabuni nzuri pale famasi." Alisema kwa upendo kabisa. Nikamjibu asante mama nitaenda, nikafunga kidirisha kidogo nikajifuta mabega, nilikua nimevaa blauzi nyeusi.

Haikua mba. Ilichukua muda kujua kwamba makosa yalikua matatu kwa pamoja. La kwanza ni kwamba ile jeli na ile losheni ya kulainisha niliyoipaka kabla yake hazikua zinaelewana. Hii unaijaribu kabla hata hujagusa kichwa: weka tone la losheni kwenye kiganja, weka na la jeli, changanya na kidole kama sekunde kumi. Vikiungana vikawa laini kama maziwa ya mgando yaliyokorogwa, endelea. Ikijikata ikatoa vipunje vipunje kama maziwa yaliyoharibika, usithubutu, maana vile vipunje ndio vitakua vyeupe kichwani kesho. Nimeshapoteza hela nyingi kwa kutojua kitu cha sekunde kumi.

La pili ni kupaka jeli kwenye nywele kavu, na hapa ndio nataka nikae kidogo maana ndio moyo wa maneno yangu yote. Jeli haitengenezi kisokoto. Kisokoto ni cha kwako, kimo ndani ya nywele tayari, na kinachokitoa nje ni maji. Nywele za kipilipili zikilowa sawasawa zinakusanyika zenyewe makundi makundi, angalia ukiwa unaoga utaziona, zikianza kukauka kila unywele unakwenda njia yake ndio unapata ile pamba. Kazi ya jeli ni kushika yale makundi pale pale yalipo mpaka maji yaondoke. Ndani ya jeli nyingi za dukani kuna vitu kama PVP, soma nyuma ya kopo utaikuta, vikikauka vinakua utando mwembamba unaozunguka nywele. Sasa kama umepaka kwenye nywele kavu zilizofumuka, utando utashika mfumuko huo huo. Ndio nilichokua nafanya mimi.

La tatu ni mikono. Nilikua nazishika shika zikiwa bado mbichi.

Nilivyokuja kuelewa hili la maji sio kwa sababu nina akili sana, ni bibi. Bibi yangu yuko Sengerema, na siku hizi daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa tangu 2025 watu wanapita na gari moja kwa moja lakini kipindi kile ilikua ni kivuko tu, na mimi mpaka leo napenda kuvukia Kamanga, napenda ule upepo wa ziwa. Basi nimefika, nimemwamkia shikamoo bibi, yuko jikoni anapika mlenda wa bamia. Anakoroga na ule mwiko, akiunyanyua ule ute unashuka mrefu haukatiki, unang'aa. Nikasema bibi hii si kama jeli? Akacheka akasema wewe kaa hapo ule. Lakini mimi nikaichukua ile kitu kichwani, usiku nikaingia kwenye simu kumbe kuna watu wengi wanatumia bamia kwenye nywele, wengine mbegu za kitani, ute ni ule ule tu.

Kesho yake nikajaribu kwa bamia za bibi. Sasa hivi nafanya hivi: bamia changa kama kumi, fungu moja la pale soko la Kirumba linatosha na chenji ya mboga inabaki, nakatakata vipande, vikombe viwili vya maji, moto mdogo dakika kumi mpaka kumi na tano hivi nikikoroga. Hapa usisubiri ipoe!! Ukisubiri ipoe haichujiki tena, inaganda na bamia yake, mara ya kwanza nilipambana nayo nusu saa nzima nikamwaga. Ichuje ikiwa ya moto kwa soksi ndefu ile ya kike safi, shika juu, kamua kuelekea chini na kijiko cha mbao usiungue, itatoka nzito ya kijani hafifu. Ikae friji, na ndani ya wiki moja uwe umeimaliza, ni chakula ile haina dawa ya kuitunza, ikianza harufu mwaga.

Na ile siku kwa bibi ndio nilijifunza na maji yenyewe. Kisima cha kwa bibi ni maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, nikioshea nywele zinabaki ngumu kama zimepakwa kitu. Bibi akasema oshea haya ya mvua kwenye pipa. Nikaona tofauti papo hapo. Hapa mjini tunashukuru maji ya bomba yanatoka ziwani, ni laini, povu linatoka haraka, tatizo letu sisi wa mlimani ni presha tu, kwahiyo nakinga ndoo usiku na ndoo moja na nusu inanitosha kuosha mpaka kumaliza.

Mpangilio wangu wa Jumamosi. Shampuu mara moja kwa wiki kwenye ngozi tu, kondishena nyingi, nafumua kwa vidole kwanza halafu chanuo la meno mapana kuanzia kwenye ncha kupanda juu, nikishasuuza sizifuti na taulo, taulo linakunywa maji yote na kuzivuruga, nakandamiza tu kidogo na tisheti ya pamba ya zamani. Nywele zinadondosha maji mpaka shingoni, nimejifunga kanga mabegani, ndio hali inayotakiwa. Nagawa nne na vibanio.

Naanzia nyuma. Nachukua fungu dogo la upana wa vidole viwili, napuliza maji tena hata kama limelowa, napaka losheni kidogo halafu jeli, napitisha vidole vyote kama chanuo toka juu mpaka chini, na hapa sikilizeni kwa masikio jamani, lazima itoke sauti ile ya chwa chwa chwa, kama unatembea kwenye tope la mpunga. Ikiwa kimya maji yamepungua, ongeza maji sio jeli. Watu wengi wakiona bado haijakubali wanaongeza jeli, hapana, maji. Ukisikia ile sauti shika fungu kati ya dole gumba na kidole cha shahada, lilaze kwa kulivuta taratibu mpaka mwisho, ukiliachia linaruka juu linajisokota lenyewe kama springi ya kalamu. Mara ya kwanza kuona hivyo kwenye kioo nilikaa chini kwenye kigoda. Nilikua nimeambiwa toka mdogo kwamba nywele zangu ni ngumu, ni mbaya, zinavunja vichana, na hiki hapa kisokoto kidogo cheusi kinang'aa kinacheza cheza mbele ya jicho langu, hakijawekwa dawa yoyote.

Kwenye utosi zangu zinakaza sana kuliko kisogoni. Mtandaoni watu wanaandika 4A sijui 4C, ndio majina ya aina za nywele kwa jinsi zinavyojisokota, ule mgawanyo asili yake ni kwa Andre Walker yule mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, una msaada wake lakini kichwa kimoja kinaweza kua na aina mbili tatu, kwahiyo utosini nachukua mafungu madogo zaidi na nyingine nazizungusha kwenye kidole moja moja. Inachukua saa moja na nusu kichwa kizima. Siwadanganyi kwamba ni dakika kumi.

Halafu hakuna kushika. Mwezi wa saba au wa nane hapa kwetu jua na upepo ni wa kutosha, nakaa nje kwenye jiwe na kazi zangu za mkono, masaa matatu zimekauka. Msimu wa mvua ni habari nyingine, hewa ni nzito zinachukua mpaka jioni na ndani bado mbichi, hapo nashuka kwa dada wa saluni ya jirani nalipia tu kukaa kwenye drai, moto mdogo, dakika arobaini. Na msimu huo naangalia sana gliserini, kama kwenye kopo imeandikwa ya pili tu baada ya maji naiacha dukani, maana gliserini inavuta unyevu na hewani unyevu umejaa, nilikua nikifika Kirumba saa tatu zimeshavimba na zinanata. Ya bamia inashika kidogo tu, siku mbili, kwahiyo wiki ya kazi natumia ya dukani isiyo na gliserini nyingi na bamia naichanganya kwenye losheni.

Zikikauka zinakua ngumu kama zimegandishwa. Msiogope wala msizioshe! Mimi mwanzo niliosha nikijua nimeharibu. Hilo gamba ndio dalili kwamba limeshika. Weka matone matatu manne ya mafuta ya nazi viganjani, sugua mikono, inama kichwa kiangalie chini, zifinye finye kutoka kwenye ncha kwenda juu, utasikia zinalia krr krr gamba linavunjika na zinabaki laini visokoto vikiwa vile vile. Ila ukifinya kabla hazijakauka kabisa mpaka ndani, umeirudisha pamba yako.

Usiku nazikusanya utosini kwa kibanio kilicholegea, kofia ya satini, na foronya ya satini nilishonewa na fundi pale mtaani kwa kitambaa cha kubakia. Asubuhi napuliza maji kidogo naendelea na safari. Zinafika Jumatano zikiwa nzuri, Alhamisi nazibana nyuma.

Zimefika sentimita kumi na nane nikizivuta, zikiwa zimejisokota zinaonekana kama saba, na nimeshazoea. Mwaka huu nilivyoenda kwa bibi alinikalisha chini ya mwembe akanivua kitambaa, akaingiza vidole taratibu kama anachambua mchele, akasema, "Hizi ni za mama yako. Mama yako kabla hajaenda mjini alikua nazo hivi hivi, nikimuosha mtoni zinajikunja." Mama hajawahi kuniambia, na mimi nimemjua mama akiwa na dawa tu.

Mdogo wangu wa mwisho anamaliza form four Novemba hii. Ameshaniambia dada, mama mdogo asinipeleke popote. Nimemwambia akimaliza mtihani asinyoe tena, Aprili zitakua zimefika pa kushikika, atakuja Mabatini tutachemsha bamia.