Kichwa kirudi shimoni

Ukishuka stendi ya Mtwara wakati wa kiangazi utaiona: ming'oko iliyochemshwa kwenye beseni, chumvi na pilipili pembeni. Ni jamii ya viazi vikuu, ila haikupandwa na mtu. Inatoka porini.

Wiki iliyopita niliichimba na bibi yangu, Tandahimba. Alifuata kamba ya mmea iliyokauka hadi shinani, akafukua taratibu kwa mti uliochongwa ncha. Nikashika shina ili nilivute pamoja na kichwa chake, pale ming'oko inapoota. "We mjukuu wangu, acha! Hicho kichwa ndicho mama yao." Akakata minono, akaacha miembamba, akarudisha kichwa shimoni, akafukia na kushindilia kwa kisigino.

Hatua chache mbele tulikuta mashimo wazi, vichwa vimetupwa vinanyauka juani. Iliniuma sana. Bibi hakusema kitu. Aliinama akaanza kuvifukia kimoja kimoja, nami nikamsaidia.

Na pori lenyewe linapungua, mikorosho na mkaa vinalimaliza. Utotoni tulichimba nyuma ya nyumba. Safari hii tumetembea saa nzima na nusu. Tulirudi na nusu ndoo. Bibi kasema pale tusiguse tena hadi masika mawili yapite.