Kumbukumbu ya toleo 3.2.0: tangu tawi hadi tangazo

Siku 28 kabla

Tawi la `release-3.2` la programu yetu limechipuka kutoka `main`, tawi kuu la msimbo katika Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko. Tangu leo vipengele vipya vinaingia `main` peke yake. Tawi la toleo linapokea marekebisho ya hitilafu tu, tena kila rekebisho huanzia `main` ndipo libebwe kwa `git cherry-pick -x`, amri inayonakili badiliko moja kutoka tawi hadi tawi. Hiyo `-x` si pambo. Inaandika ndani ya ujumbe namba ya badiliko la asili, na miezi ikipita mtu akauliza kama hitilafu fulani imetibiwa kotekote, jibu lipo. Rekebisho likianzia kwenye tawi la toleo na kusahaulika huko, hitilafu iliyozikwa 3.2 itafufuka 3.3.

Maneno ya kiolesura nayo yamefungwa leo. Gusa nukta moja katika sentensi ya asili, `msgmerge`, inayooanisha tafsiri na maneno ya asili, itaibandika tafsiri yake alama ya `fuzzy` (yaani haina uhakika) katika kila lugha, na `msgfmt`, inayoziandaa tafsiri zitumiwe na programu, isipoamriwa vingine huacha nje tafsiri zenye alama hiyo. Mtumiaji anafungua programu anakuta sentensi moja ya Kiingereza katikati ya ukurasa. Tuna lugha 14, kwa hiyo nukta moja ni kazi ya watu 14. Ombi la kusahihisha herufi moja kwenye dirisha la mipangilio limesogezwa hadi 3.3. Kosa linakera macho, lakini litasubiri.

Siku 14 kabla

Toleo tarajiwa la kwanza, la kujaribiwa kabla ya toleo lenyewe, limetoka: `3.2.0-rc.1`. Nukta kati ya `rc` na 1 imewekwa makusudi. Kwa SemVer, kanuni za kupanga namba za matoleo, sehemu yenye tarakimu tupu hulinganishwa kama namba, yenye herufi hulinganishwa herufi kwa herufi. Bila nukta, `rc10` itahesabiwa kuwa nyuma ya `rc2`. Hatutarajii kufika kumi, ila mtego wa bure hauna haja ya kutegwa.

Wanaofungasha kwa ajili ya Debian, mfumo endeshi wa Linux, wamekumbushwa kuandika `3.2.0~rc1`, kwa alama ya wimbi. Wimbi hupangwa kabla ya kitu chochote, hata kabla ya mwisho wa namba. Ukiweka kistari, `rc1` inasomeka kama namba ya ufungashaji, nayo inaizidi 1. Matokeo yake, aliyejaribu toleo tarajiwa hatapandishwa kamwe kwenda `3.2.0-1`, kwa kuwa mfumo unaamini tayari yuko mbele.

Siku 10 kabla

Taarifa ya maana ya kwanza: kupandisha kutoka 3.0 moja kwa moja kunakwama wakati wa kuhamisha hifadhidata. Kutoka 3.1 hakuna shida. Kati ya 3.0 na 3.2 yapo mabadiliko zaidi ya 600, yaani hatua zisizozidi kumi za `git bisect`, inayogawa mabadiliko nusu kwa nusu hadi kulipata lenye kosa. Hazikufanywa kwa mkono: `git bisect run` ilipewa skripti inayojenga programu, inayofungua hifadhidata ya 3.0 na kurudisha 0 au 1. Msimbo usipojengeka inarudisha 125, ili badiliko hilo lirukwe badala ya kusingiziwa.

Chanzo ni hatua ya kuhamisha iliyodhani safu fulani ya jedwali ipo tayari, kumbe iliongezwa 3.1. Majaribio yetu yalipima hatua moja tu ya kupanda, wakati watu wengi huruka matoleo. Sasa kuna hifadhidata ndogo tatu za mfano, za 2.8, 3.0 na 3.1, na kila badiliko linapimwa dhidi ya zote.

Siku 3 kabla

Kifurushi cha msimbo chanzo. Baada ya mlango wa siri wa xz, programu ya kubana faili, kugunduliwa Machi 2024 katika 5.6.0 na 5.6.1, hatua hii hairukwi tena: sehemu ya hila ile ilikuwa kwenye kifurushi cha kupakua, haikuwa kwenye git. Watu wawili, kila mmoja kwenye mashine yake, wanatoa faili kwa `git archive` na kuzifunga kwa `tar`, kisha wanalinganisha sha256, hesabu inayobadilika faili ikitofautiana hata kidogo.

Mara ya kwanza hesabu zilitofautiana. `diffoscope`, chombo cha kulinganisha faili, ikaonyesha sababu: jina la mwenye mashine liliingia ndani ya tar, na mpangilio wa faili ulifuata diski ya kila mmoja. Dawa ni `--sort=name --owner=0 --group=0 --numeric-owner`, na `--mtime` iliyofungwa kwenye tarehe ya badiliko la mwisho. Mara ya pili zikalingana hadi herufi ya mwisho.

Siku yenyewe

`git tag -s v3.2.0` kuweka lebo yenye saini, halafu `git tag -v` kuihakiki kwenye nakala mpya ya hazina, ndipo lebo ikasukumwa. Ikishatoka haihamishwi. Tangu Git 2.20, `git fetch` inakataa kubadilisha lebo ambayo mtu anayo tayari, labda alazimishe. Kwa hiyo ukiihamisha utaacha 3.2.0 mbili tofauti mikononi mwa watu. PyPI, ghala la vifurushi vya Python, nayo haipokei jina la faili lililokwisha kutumika, hata likifutwa.

Tangazo limekuja mwisho, baada ya `curl -I` kujibu 200, yaani faili ipo, kwenye kila seva nakala. Aya ya kwanza inasema nani apandishe na nini kitavunjika. Mapya yanafuata chini. Saa imeandikwa 14:00 UTC kwa tarakimu, maana ukiandika "saa nane" wapo watakaosoma 08:00.

Majina ya shukrani yanatoka `git shortlog -sn v3.1.0..v3.2.0`, lakini watafsiri hawaonekani humo, kwa sababu kazi yao huingizwa na roboti. Wanapatikana kwa `--group=trailer:co-authored-by`, inayosoma mistari ya waandishi wenza. Tuliwahi kuwaruka wote.

Siku 2 baada

Wafungashaji wawili wameripoti kwamba majaribio yanaanguka: folda ya `tests/data` haimo kwenye kifurushi. Mstari wa zamani wa `export-ignore` katika `.gitattributes` uliiacha nje. Hesabu za sha256 zililingana siku ile kwa sababu mashine zote mbili ziliikosa folda ileile. Hifadhidata tatu za mfano zilikuwa humo.

Mstari umefutwa, na hatua ya kulinganisha sasa inatumia orodha ya `git ls-files`, ya faili zote zilizo kwenye git, badala ya kuiamini `git archive`. Lebo ya 3.2.0 haijaguswa. 3.2.1 imetoka leo 14:00 UTC, tangazo lake mistari miwili: wafungashaji watumie hii, na aliyekwisha kusakinisha 3.2.0 hana haja ya kufanya chochote.