Andiko la mradi wa mwani nililolianzia kwenye bajeti

Shirika letu ni dogo. Liko pwani ya Mkinga, mkoani Tanga, na linafanya kazi na akina mama wanaolima mwani. Mfadhili alipotangaza wito wa maombi ya ruzuku, sikuanza na historia ya shirika wala dira na dhamira. Nilianza na bajeti, na ningemshauri kila mwandishi wa maandiko afanye hivyo, kwa sababu bajeti hairembi. Ukiandika "mafunzo kwa wakulima" lazima useme wangapi, wapi, watakula nini na nauli yao kiasi gani.

Bajeti hiyo niliiandaa pamoja na wakulima wenyewe. Kikao kilifanyika siku za maji mafu, bahari inapokupwa kidogo tu, maana bamvua likiingia, maji yanapokupwa sana, wote wako baharini. Bibi mmoja aliniambia mapema, "Mwanangu, semina usituwekee bamvua. Hata mkilipa nauli hatuji." Mpango kazi wote nikaupanga kufuata mwezi wa angani, maana ndio unaoleta bamvua.

Kwenye sehemu ya tatizo sikuandika kwamba jamii ni maskini. Hilo kila mwombaji analiandika. Niliandika kwamba cottonii, mwani wenye bei nzuri, hufa maji ya kina kifupi yakipata joto kali, na akina mama wanabaki na spinosum, unaostahimili lakini bei yake ni ya chini. Suluhisho tulilopendekeza ni kulima kwa neti ndefu kwenye kina kirefu zaidi. Hapo ndipo kikao kilipoamka. Neti zinahitaji boti, na wengi wao, waliozaliwa hapo hapo ufukweni, hawajui kuogelea! Tukaongeza majaketi ya kuokolea na mafunzo ya kuogelea, na mwalimu awe mwanamke. Ningekaa ofisini peke yangu, kifungu hicho kisingepatikana, na naamini ndicho kilichoonyesha kwamba tunawajua walengwa wetu.

Takwimu za awali nilizipata kwenye daftari la mizani, ambamo katibu wa kikundi huandika kilo za mwani mkavu kila mnunuzi anapokuja. Kiashiria chetu kikuu, yaani kipimo cha mafanikio ya mradi, kikawa hicho hicho: kilo za cottonii mkavu kwa kila mkulima. Kupima hakukuhitaji mtaalamu kutoka mjini.

Mshahara wa mhasibu na kodi ya ofisi niliviweka wazi. Mashirika mengi huvificha ndani ya "semina" yakidhani mfadhili atachukia, kisha mradi unakosa mtu wa kutunza stakabadhi. Viambatisho ni jambo la kujiandaa mapema tu: cheti cha usajili, katiba, hesabu zilizokaguliwa, profoma (ankara za bei kabla ya kununua) za boti na neti.

Mfadhili alirudi na swali moja zito: mradi ukiisha, boti itatengenezwa na nani? Sikulijibu mwenyewe. Nililirudisha kwenye kikundi, wakakubaliana kukata kiasi kidogo kwa kila kilo inayouzwa, na muhtasari wa kikao chao wenye sahihi na dole gumba ndio niliouambatisha kuwa jibu. Ruzuku ikapita. Kwa kuwa ilizidi shilingi milioni 20, mkataba tuliupeleka kwa Msajili wa NGOs (mashirika yasiyo ya kiserikali), kama kanuni za 2018 zinavyotaka, kisha tukaagiza neti.