Nilivyomtegea make kwa gcc bandia

"Mkuu, weka -w hapo, hizo kelele zote zitaisha." Ushauri ndio huo, nimeunukuu neno kwa neno. Hiyo -w ni flagi, yaani agizo la ziada, inayomnyamazisha gcc, kompaila inayogeuza msimbo wa C kuwa programu, asitoe maonyo. Kelele ziliisha kweli. Na siku zangu nne, kama si tano, ziliishia hapo hapo.

Nilikuwa natengeneza kifurushi cha .deb (faili la kusakinisha programu kwenye Linux ya Debian) cha kiprogramu huria cha zamani kilichoandikwa kwa C. Kazi yake ni kutafuta neno ndani ya lundo la maandishi bila kujali herufi kubwa na ndogo. Mafaili ya C hayafiki kumi, Makefile (maelekezo ambayo programu ya make huyafuata kumwita kompaila) ni moja, mistari hamsini hivi. Nikasema hii ni kazi ya jioni moja. Anayesema hivyo kuhusu Makefile ya mwenzake anastahili yote yatakayompata.

Debian wana flagi zao wanazotaka kila kifurushi kijengwe nazo, na amri ya dpkg-buildflags inakupa: -g, -O2, -fstack-protector-strong na wenzake. Nikaziweka kwenye mazingira (vigeu ambavyo terminali huipa kila programu inayoianzisha) kwa export, nikaendesha make, ikajenga bila tatizo, na hakuna hata moja iliyofika. CFLAGS ndicho kigeu kinachobeba flagi za kompaila; Makefile ilikuwa na CFLAGS = -O2 -Wall juu kabisa, na alama hiyo ya = ndani ya Makefile inafuta kinachotoka kwenye mazingira. Hilo nilikuwa nalijua. Nilisahau tu.

Nikabadili gia: nikaandika make CFLAGS="..." na flagi zote mle ndani, pamoja na -Wall, maana kilichoandikwa kwenye amri yenyewe kinaishinda Makefile. Safari hii kompaila ikagoma, inasema haioni faili la .h (faili la matangazo ya fankisheni). Nikachungulia, nikakuta folda ya include, nikaongeza -Iinclude kwa mkono. Ikapita. Nikajipongeza kabisa! Sikujiuliza kwa nini dakika kumi kabla yake -Iinclude haikuhitajika, na hilo swali moja lingemaliza hadithi hii hapa.

Maonyo yakamwagika kurasa kwa kurasa, mengi yanalalamikia vigeu visivyotumika. Ndipo nikaomba msaada, nikapewa ile -w. Terminali ikawa safi. Kifurushi kikajengeka, nikakisakinisha, nikatafuta neno la ovyo ovyo ambalo nilijua halimo. Jibu: halipo. Nzuri. Nikatafuta neno ambalo nilijua limo.

Segmentation fault. Yaani programu imegusa kumbukumbu isiyo yake na mfumo umeiua.

Nikarudia. Neno ambalo halimo, programu inajibu kistaarabu. Neno lililomo, inakufa. Yaani programu ya kutafuta inayokufa kila ikipata ilichotafuta! Nilicheka mara ya kwanza. Kufikia mara ya ishirini nilikuwa sicheki.

Sasa nieleze upumbavu wangu vizuri. Nilizishuku flagi za ulinzi. Nikatoa -fstack-protector-strong, nikajenga upya, inakufa. Nikashusha -O2 hadi -O0, inakufa. Nikaingia kwenye gdb, chombo cha kuichungulia programu inavyokwenda, nikaona anwani ambayo programu ilikuwa inajaribu kuisoma ni 0x555592a0, wakati maandishi yenyewe yalikuwa maeneo ya 0x5555555592a0. Ziangalie hizo namba mbili. Ya kwanza ni mkia wa ya pili, kama mtu amepita na panga akaikata katikati. Mimi niliziangalia, nikaenda kulala.

Asubuhi nikaamua kuacha kubahatisha na kumuuliza gcc mwenyewe ameambiwa nini. Makefile ilikuwa imeficha amri zake kwa @, inaonyesha jina la faili tu. Kwa hiyo nikatengeneza gcc bandia, mistari mitatu ya shell kwenye folda yake, na folda hiyo nikaitanguliza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri):

#!/bin/sh
echo "$PWD: $*" >> /tmp/ushahidi.txt
exec gcc "$@"

Umeona kosa? Mimi sikuliona. Gcc bandia inamwita gcc, na gcc wa kwanza kwenye PATH ni nani? Ni yeye mwenyewe. Nikakaa nikisubiri, feni inanguruma, nikidhani kazi inaendelea. Niliposhtuka, ushahidi.txt ilikuwa imemeza gigabaiti kadhaa za mstari mmoja ule ule. Nikaiua, nikaandika exec /usr/bin/gcc, nikaanza upya.

Nikajenga mara mbili: kwanza make tupu bila kugusa chochote, halafu make yenye CFLAGS zangu. Nikailinganisha mistari ya faili lile lile. Ule wa kwanza ulikuwa na -D_GNU_SOURCE. Wangu haukuwa nayo.

Mwenye programu alikuwa ameandika, chini kidogo ya ile CFLAGS =, mstari wa CFLAGS += -D_GNU_SOURCE -Iinclude. Ukiipa make CFLAGS kwenye amri, hata hizo += ndani ya Makefile hazihesabiwi, isipokuwa zimeandikwa kwa neno override. Niliirudisha -Iinclude kwa sababu ilipiga kelele. Mwenzake, -D_GNU_SOURCE, aliondoka kimya kimya. Na programu inatumia strcasestr, fankisheni ya kutafuta bila kujali herufi kubwa na ndogo, ambayo glibc (maktaba ya C ya Linux) haikutangazii bila _GNU_SOURCE. Kompaila yangu, ya kabla ya GCC 14, ikiona fankisheni isiyotangazwa inadhani inarudisha int, biti 32, na anwani ya biti 64 inakatwa nusu. Neno lisipopatikana jibu ni sifuri, na sifuri hata ukiikata ni sifuri. Ndiyo maana ilikuwa inakosa salama. GCC 14 ya mwaka 2024 imeligeuza jambo hili kuwa kosa kamili badala ya onyo, na mimi naunga mkono. Lakini onyo lilikuwepo hata kwangu, mstari mmoja katikati ya kelele zote zile, na mimi nililiziba mdomo kwa -w.

Kiraka chenyewe hakina maajabu. CFLAGS ikawa na ?= badala ya =, yaani itumike tu kama mjenzi hakuleta zake, na zile mbili za lazima nikazihamishia kwenye kigeu chao ambacho mjenzi hana sababu ya kukigusa. Nikagusa pia -lm (maktaba ya hesabu), ilikuwa imetangulia mafaili ya .o, na kwa mpangilio huo linka (inayounganisha mafaili kuwa programu moja) kwenye baadhi ya mifumo isingeipata sqrt. Nikaipeleka kwenye kigeu cha LDLIBS, mwisho wa mstari. Halafu missing separator, kwa sababu kihariri changu kiliweka nafasi nane badala ya tabu. Stuart Feldman aliandika make mwaka 1976 na tabu yake bado inatukomesha.

Mwenye programu alikipokea kiraka siku hiyo hiyo. Nikamsimulia kwa majivuno habari ya gcc bandia. Akajibu kwa ufupi kwamba make -n huonyesha amri zote, hata zilizofichwa kwa @.

Sikumjibu. Juzi diski imejaa tena, nimekuta ushahidi.txt; ile folda sikuwahi kuitoa kwenye PATH.