Viriba Kumi kwa Safu

Baba alikuwa na kitalu cha mikarafuu nyuma ya nyumba yetu, Wete, Pemba. Mbegu ya karafuu haiwekeki. Tunda likishaiva, usipolipanda upesi linakufa. Nilikuwa nimerudi likizo ndefu kutoka chuoni Unguja, tukajaza viriba udongo na kuvipanga kumi kumi chini ya kivuli cha makuti. "Mbegu mbichi," aliniambia, "kumi huota nane."

Muhula ule tulikuwa tumesoma mgawanyo wa bainomia, yaani hesabu ya uwezekano wa kupata idadi fulani ya mafanikio katika majaribio kadhaa, kama mbegu ngapi zitaota katika kumi. Fomula niliijua. Nilichokitaka ni kuiona.

Miche ilipochomoza, baba alikaa juu ya kigoda, daftari magotini, akiandika namba moja kwa kila safu: 8, 9, 7, 8, 10, 6. Nikachutama kuziangalia zile safu mbili za 8. Moja ilikuwa imekufa kiriba cha kwanza na cha tatu, nyingine viwili vya mwisho. Hazikufanana hata kidogo, na daftarini zilikuwa kitu kimoja. Hapo kigeu nasibu kikanikaa kichwani: si mbegu wala si mche, ni ile kanuni ya kuhesabu, iliyowekwa kabla hakujaota kitu, kwamba kila safu, iote itakavyoota, itapewa namba kati ya 0 na 10.

Nikahesabu viriba viwili vinaweza kufa kwa njia ngapi kati ya kumi. Njia 45. Ndiyo 45 ya kwenye fomula! Kila njia ina uwezekano wa 0.8 (ya kuota) ikirudiwa mara nane na 0.2 (ya kufa) ikirudiwa mara mbili, zote zikizidishwa pamoja. Ukijumlisha njia zote 45 unapata kama 0.30.

"Baba, hata kama kumi huota nane, safu zitakazotoa nane kamili ni kama tatu tu katika kumi."

"Ndivyo," alisema, bila ya kushangaa. "Nyingine huzidi, nyingine hupungua."

Kilichobaki ni safu ya ukingoni. Ilikuwa na 3. Nikapiga hesabu ya kupata 3 au pungufu kwa kanuni ile ile: haifiki moja katika elfu. Mwalimu wetu alikuwa ametusisitizia masharti ya majaribio ya Bernoulli, yale yenye matokeo mawili tu, kama kuota au kufa. Bernoulli ni yule Jakob, mwanahisabati wa Basel, Uswisi, ambaye kitabu chake kilichapwa 1713, miaka minane baada ya kufa kwake. Masharti ni haya: jaribio moja lisiathiri jingine, na uwezekano usibadilike. Nikamwambia baba kwamba safu ile haifuati nane kwa kumi kama nyingine, ina lake.

Akanyoosha mkono kuonesha makuti yalipoishia. "Jua la alasiri linaipiga hiyo."

Tukaongeza makuti. Kisha akaniuliza swali ambalo naona lilikuwa zuri kuliko yote ya mtihani: akitaka miche 100 ya uhakika, atie mbegu ngapi? Jibu la haraka ni 125, kwa sababu nane ya kumi ya 125 ni 100. Lakini 100 hapo ni wastani, na karibu nusu ya mara angepungukiwa. Kwa mbegu 135 wastani unakuwa 108, na nafasi ya kufika 100 inapita 95 kwa mia.

"Basi tutatia mia na arubaini," alisema, akainuka kwenda kuchukua ndoo ya maji.